Macho Yangu, Kifua cha Mama

Mwaka ule nilichoshwa na macho kuliko nilivyochoshwa na vita. Yaliiva mekundu, jua likiyawasha kama pilipili, na kila yalipotulia ugonjwa ulirudi. Nilitiwa matone, nikanywa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, nikafukizwa majani. Wapi! Jicho la kushoto likaanza kuingia ukungu.

Daktari wa hospitali ya Wareno alinieleza, mkalimani akifasiri, kwamba hapakuwa na kijidudu cha kuuawa kwa dawa. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo iliyoyavamia macho, na vidonge vingeipunguza nguvu. Nisiviache ghafla, wala nisikae karibu na mwenye surua au kikohozi, maana ugonjwa wowote ungeniingia upesi. Nikaitikia tu. Askari wa Wareno walikuwa wametutoa mashambani kwetu Afungi na kutukusanya nyuma ya seng'enge, nyumba zimebanana hata mtu akipiga chafya, jirani ndiye anayemwombea dua.

Vidonge vilinivimbisha uso. Majirani wakanitania kwamba wenzangu vita vinawakondesha, mimi vinaninenepesha. Sikuwa na nguvu ya kucheka. Lakini macho yalitulia, nikaweza tena kutunga uzi kwenye sindano.

Ndipo mama akaanza kukohoa damu. Daktari akasema ni kifua kikuu, akamwanzishia matibabu, na mimi akanikataza kuingia chumbani mwake. Kwetu binti ndiye anayemuuguza mama yake, na siku ikifika ndiye anayemwosha. Mimi nilikuwa binti pekee. Mama mdogo ndiye aliyeingia na uji, nami nilikaa uani nikisikiliza kile kikohozi, nikiwaonea haya wanawake waliopita. Siku moja nilimwambia mama kupitia dirisha kwamba naacha vidonge, nimechoka, naingia.

Akaomba abebwe mpaka mlangoni. Alikuwa amebaki mifupa.

"Waniona, mwanangu?"

"Nakuona, mama."

"Basi kaa hapo hapo. Mie nishazeeka. Macho yako bado yana kazi."

Nilikasirika, nikamtii. Alifariki kabla mvua hazijaisha. Mama mdogo alinizuia mlangoni, kama alivyousiwa na marehemu. Nikakaa uani, macho hayana hata chembe ya wekundu, nikawaona vizuri wanawake wengine wakiingiza maji ya kumwosha mama yangu.