Posa ya Luteni Mbaruku

Siku hizi watu wanaposa kwa simu. Ndiyo maana Luteni mstaafu Mbaruku wa Kerege, mgane, aliponiomba niwe mshenga wake kwa Batuli, mjane anayekaa na shangazi yake Kiwangwa, nilimshukuru Mungu kwamba adabu haijafa yote. Asubuhi ya safari nikamkuta kashaketi kwenye teksi, kanzu imenyooka kama gwaride.

"Mposaji haendi," nikamwambia.

"Mzee Ausi, kamanda hatumi watu mahali asipothubutu kwenda mwenyewe."

Maneno yake ya kahawani hayo. Tangu vita vya Anzuani, kule Komoro, mwaka 2008, kila jioni anakivamia upya kile kisiwa. Mwanzoni alikuwa ofisa wa boti iliyoshusha makomando. Baadaye naye akashuka. Juzijuzi kikosi kizima kilimfuata yeye, na milango ikivunjika kwa teke lake.

Tulipokaribishwa mkekani, shangazi, Bi Mwanamvua, akamtazama vizuri.

"Huyu ndiye mvunja milango?"

"Ndiye mimi, Bi Mkubwa," Luteni akajibu, kidevu juu.

"Basi rudini salama, wanangu. Marehemu mume wa Batuli naye akikasirika alivunja milango. Batuli hataki mwingine wa hivyo."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya posa, ya kale, mazuri. Hakuna aliyeyahitaji.

Luteni akavua kofia. "Bi Mkubwa, sikuvunja hata mmoja."

"Mbona sifa zako zimefika mpaka huku mananasini?"

"Nilitia chumvi. Kazi yangu ilikuwa kuwafikisha makomando ufukweni alfajiri, kisha kulinda boti. Palikuwa na kibanda karibu. Mkuu wangu akaniamuru nikawatoe waliomo. Nikaenda na bunduki, nikafika mlangoni…"

"Enhe?"

"Nikapiga hodi."

"Vitani?"

"Mara tatu. Kimya. Nikarudi kumwambia mkuu kwamba wenyewe hawapo. Ukipiga hodi tatu usiitikiwe, si unaondoka?"

"Unaondoka, ndiyo."

"Mkuu akaenda mwenyewe, akaingia moja kwa moja. Akamkuta bibi kizee kasujudu."

"Sasa angeitikaje, naye yumo kwenye sala?"

"Ndivyo nilivyomwambia mkuu! Akasema mimi nilifaa kuwa mwadhini, si ofisa."

Nyuma ya pazia Batuli akaangua kicheko. Zama zetu mwanamke anayeposwa alinyamaza, na ukimya wake ukawa ndilo jibu. Bi Mwanamvua akaingia ndani, wakanong'ona, akatoka anafuta machozi ya kucheka.

"Anasema amekubali. Ila kahawani uisimulie hivi hivi ulivyoisimulia hapa."

Luteni akainamisha kichwa. Mtu aliyekishika kisiwa miaka yote hiyo hakiachii kirahisi.

"Hata lile la mwadhini?"

"Hasa hilo," Batuli akajibu mwenyewe kutoka ndani. Mwanamke anajadili posa yake kwa sauti!

"Haya," Luteni akasema, kama anayesalimisha silaha.

Nikainua mikono tusome Fatiha haraka, kabla kamanda hajapata njia ya kurudi nyuma.