Waya Uliohamishwa Siku ya Krismasi, na Kosa Ambalo Mama Anataka Kuliungama

Nimeomba jina langu lifichwe. Mama hasomi ukurasa huu, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kuandika.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mwaka wa mwisho wa uhandisi wa umeme. Kwetu ni Old Moshi. Chuoni wananijua kwa mdomo wangu. Ndimi ninayepanda juu ya benchi la kantini kuuliza kwa nini uongozi unawaficha wanafunzi ukweli, na ndimi niliyesema kwamba anayenyamaza mbele ya uongo ameshautia sahihi. Leo nimenyamaza mbele ya mama yangu mzazi, na kila kunapokucha nautia uongo huo sahihi yangu mwenyewe.

Baba alikuwa na gari aina ya Noah alilobebea abiria na ndizi kushuka mjini. Likizo iliyopita nilimfungia redio yenye amplifaya, spika mbili na taa za ndani. Umeme wake niliuchukua kwenye sanduku la fyuzi, kwenye njia inayopata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Ukiuchomoa, vyote vinazima na betri inabaki salama. Baba aliringa nayo kwa kila abiria. "Hii ni kazi ya binti yangu," alikuwa akisema. "Ukichomoa ufunguo, gari linafunga mdomo. Yeye mwenyewe bado hatujampatia ufunguo wake."

Krismasi ndugu wote walipanda nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Mbuzi alichinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, watu wakataka muziki wa garini. Baba akakataa kutoa ufunguo, kwa kuwa alijua mmoja wa waliokunywa angetaka kulizungusha gari kijijini. Baba mdogo akamtania: "Kaka, hilo ni gari au ni benki?" Baadaye muziki ukasikika. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya ndizi za supu ya mtori, nikadhani Baba amelegea. Baba naye, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, bila shaka alidhani ni ujanja wangu mwingine. Hakuna aliyeuliza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wageni wenye magari walikuwa wameshuka Moshi kuwaona wakwe, majirani wako kanisani. Baba akasema kifua kinambana. Mama akamjibu, "Huyo ni mbuzi wa jana, Baba. Kunywa uji kwanza, upashe tumbo." Akanywa nusu kikombe, kisha jasho likaanza kumtoka kama mtu aliyenyeshewa.

Tukamwingiza garini. Nikazungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja mkavu, likanyamaza. Gia zake ni za otomatiki, hata tungelisukuma mpaka Bomang'ombe lisingewaka. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, akakimbilia kanisani kumwita jirani. Gari la jirani lilipotokea kati ya migomba, Baba alikuwa ameshakata roho, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama.

Tulimzika kwenye kihamba, katika shamba la ukoo walikolala wazee wake. Siku chache baadaye nilifungua boneti ili niichaji betri. Waya mwekundu wa amplifaya, ambao mikono yangu ndiyo iliyoufunga kwenye fyuzi, ulikuwa umechomolewa na kukazwa moja kwa moja kwenye betri. Hivyo ndivyo muziki ulivyopigwa bila ufunguo. Na hivyo ndivyo amplifaya ilivyoendelea kuinyonya betri mpaka asubuhi, ingawa spika zilikuwa kimya.

Nilimfuata mdogo wangu, aliyenitazama nikiifunga redio ile, nyuma ya zizi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Watu walinisumbua muziki, mzee akakatalia ufunguo. Nilipanga kuurudisha jioni, nikasahau."

"Ulijua lini?"

"Gari lilipokataa. Nilikimbia huku najua."

Akalia kama mtoto. Kisha akasema, "Mwambie Mama ukitaka. Ila kumbuka ni mimi nitakayekaa naye." Hakuwa ananitisha. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kumtunza mama hadi mwisho wake. Mimi nitaolewa, nitaondoka. Wao wawili watabaki chini ya bati moja.

Sijui kama hospitali ingemwokoa Baba. Ninachojua ni kwamba lawama imempata asiye nayo. Wakati wa matanga shangazi alisema mbele ya watu, "Mtu kifua kinambana, mke anamkorogea uji." Tangu hapo Mama hapiki uji. Kanisani wenzake wanapokwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye anabaki kwenye benchi, ameinamia kitenge chake.

Nilimwambia, "Mama, si uji uliomuua Baba."

Akaniinulia macho. "Kama si uji, ni nini basi, mwanangu? Wewe umesoma. Niambie."

Mimi, msemaji wa maelfu, nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Juzi wakati wa chakula alituambia kwamba ameshaongea na mchungaji. Jumapili hii anataka kusimama mbele ya wazee wa kanisa na kuungama kuwa alimchelewesha mume wake, akaniomba nimshike mkono tukienda mbele. Mdogo wangu aliacha sahani yake, akatoka kwenda kuwakatia ng'ombe majani. Ameniahidi kwamba atasema mwenyewe. Kila siku naye anaamka, anakamua, anamsalimia Mama shikamoo, na hasemi.

Nikisema, nitamtua Mama mzigo wa mume na kumtwisha wa mwana, tena mwana ambaye yeye Mama humpikia kila siku. Nikinyamaza, nitamwongoza kwa mkono wangu akaombe msamaha wa kosa lisilo lake.

Wenye mama, wenye wadogo, na ninyi mliowahi kuficha jambo ndani ya nyumba moja, nisaidieni mawazo kabla ya Jumapili. Mama akinyoosha mkono ili nimsindikize mbele, niushike, au nimwambie, "Kaa, Mama, si wewe"?