Neno Nililochonga Chini ya Sufuria za Mama

Nianze na ujinga wenyewe, maana nikianza na sababu mtanihurumia kabla hamjanicheka. Nilichonga neno IMEIBWA kwenye matako ya sufuria nne za mama yangu. Ndiyo, yanaitwa matako, msinitazame hivyo. Nilichonga kwa herufi kubwa, zimenyooka, na chini yake nikapiga mstari kama tunavyopiga chini ya kichwa cha insha. Nilipomaliza nilisimama nikajipongeza. Nilijiona nina akili kuliko kidato cha pili kizima, ukiwajumlisha na walimu wao.

Sababu ilikuwepo. Kwetu msiba ukitokea, kila mwanamke anakwenda na vyombo vyake, kwa sababu hakuna nyumba moja yenye sufuria za kupikia watu mia mbili. Shida inakuja watu wakianza kuondoka. Unakuta rundo la sufuria zote nyeusi, zote za umbo moja, na kila mama ameinama anatafuta zake kama anachambua maharage. Mmoja ameweka tone la rangi ya kucha, mwingine ametoboa ukingo kwa msumari, mwingine anasema anaijua yake kwa kuigonga tu. Mama alitumia rangi ya kucha, nyekundu. Moto uliila yote. Msiba uliotangulia alirudi nyumbani Bulyaga na sufuria inayovuja, na ile yake nzuri mpaka leo inapika ugali wa watu nisiowajua.

Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, akina mama wa kanisani walikuwa wamempa ufunguo wa kabati la vyombo vya kikundi. Aliyekuwa nao kabla yake alinyang'anywa baada ya sahani kumi na mbili kupotea. Hakuna aliyesema amechukua. Walisema tu "apumzike". Mama aliufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga, na kila alipokaa aliupapasa. Sijawahi kumwona amejivunia kitu namna ile. Baba alipofariki watu walituonea huruma miaka miwili, na huruma ikizidi inachosha. Ufunguo haukuwa huruma. Walikuwa wamemwamini.

Sasa kimashine. Mjomba wangu, kaka yake mama, anauza vitu vya mtumba sokoni Tukuyu. Tangu biashara ilipofunguliwa, kila kitu ambacho Mzungu amekichoka kinapanda mlima kuja kwetu: pasi, redio, viatu vya kuteleza kwenye barafu. Kwenye mzigo mmoja kulikuwa na kimashine cha umeme, urefu wa ndizi ya kupika, mkia wake waya, na mbele kina kitundu cha kubania ncha. Ukikiwasha ile ncha inazunguka kasi mpaka huioni. Kilikuja na kopo la ncha zake: vijiwe vya kusagia, visumeno vya mviringo vidogo kama kifungo cha shati, vibrashi, keekee za kutobolea, nyembamba kama sindano. Kilikaa mezani wiki sita. Kinyozi mmoja alidhani ni cha kunyolea, akakisogeza kwenye ndevu zake, mjomba akamdaka mkono. Mzee mmoja wa Nkunga akauliza kama ni cha kutoboa meno ya ng'ombe.

"Mpwa, chukua," mjomba akaniambia. "Kikikulipukia usiseme nimekupa mimi."

"Nitasema nimekiokota kwenye mfuko wako."

"Mjinga wewe. Toka hapa."

Fundi redio akakibadilishia plagi, na nyumbani tuna soketi moja, kwa hiyo nikichonga, pasi inasubiri. Nilijifunzia kwenye mbegu za parachichi, maana kwetu zinapatikana kuliko mawe. Mbegu mbichi ni laini, inachongeka kama sabuni, na ikikauka inakuwa nyekundu ya kupendeza. Nilichonga mwalimu wetu wa zamu na masikio yake. Masikio yalihitaji mbegu kubwa. Nikagundua kwamba ukikandamiza, kimashine kinakasirika, kinaruka na kukukwangua kidole. Inabidi ukigusishe tu, kama unamkuna paka aliyelala. Baada ya hapo nikaanza kutengeneza vya nyumbani. Kikombe cha mama kilikuwa kimemeguka mdomoni, anakunywea upande mmoja ili asijikate. Nikakisaga mpaka pakawa laini. Aliporudi kutoka kuuza ndizi akanywa chai, akakizungusha kikombe, akanywea upande mwingine, akanitazama. Akaniongezea chai.

Basi nikavimba kichwa. Ijumaa, mama akiwa sokoni, nikazipindua sufuria. Aluminiamu ni mbishi, inaganda kwenye kijiwe mpaka kinakuwa butu, lakini ukikisugua kijiwe kwenye mshumaa kinateleza vizuri. Nilivaa miwani ya jua ya mjomba nisiingiwe na vumbi machoni. Kwanza nilitaka kuandika jina la mama. Nikaona, aa, jina mtu analikwangua kwa msumari, kesho anakwambia ni lake. Nilitaka sufuria itakayomwaibisha mwizi. Aipindue kuianika uani kwake, jirani apite, asome. Sikuwaza hata kidogo kwamba mtu wa kwanza kutembea nayo atakuwa mwenyewe mwenye sufuria.

Nikapaka masizi juu ya herufi zisionekane. Nilipanga kumwonyesha Jumapili akitoka ibadani, iwe zawadi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa mjomba. Narudi saa nne, rafu ya jikoni iko tupu. Jirani akanipigia kelele juu ya ua: "Mama yako amekwenda Kisondela, kuna mzee amefariki, wanazika leo leo! Amesema ule ndizi zilizobaki."

"Amekwenda na sufuria?"

"Sasa aende na godoro?"

Na mvua ilikuwa inanyunya. Ile yetu ya Rungwe, haina haraka, inaosha kila kitu taratibu. Nikaona akilini masizi yangu yanavyochuruzika. Nikajua pia mama anavyobeba: ndogo ndani ya kubwa, zote amezipindua, ile kubwa juu kabisa, matako yanatazama mbingu na kila mtu anayeshuka mlima. Nikatia kimashine kwenye mkoba wa shule, nadhani nilitaka kulifuta lile neno, sijui kwa umeme gani, nikakimbia.

Njiani, penye duka la chumvi na mafuta ya taa, vijana wawili walikuwa wameshikana mabega wanacheka.

"Mmemwona mama mmoja amebeba sufuria?"

"Yule anayejitangaza?" mmoja akasema. "Amepita. Nimemwamkia kwa heshima zote, mwizi mkweli namna ile sijapata kumwona."

Sikucheka. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia utani mzuri na sikucheka.

Nilipofika, nilipita nyuma kwenye migomba, kwa akina mama wanaopika, mahali ambapo mvulana wa umri wangu hana kazi. Sufuria zetu nne zilikuwa zimepangwa chini, zimepinduliwa, herufi zinang'aa. Aluminiamu nyeupe ndani ya masizi meusi, yaani zilisomeka kutoka barabarani. Wanawake kama kumi na tano wamesimama. Mama yuko katikati, kanga imelowa. Yule aliyekuwa na ufunguo kabla yake ameshika kiuno.

"Mimi niliambiwa nipumzike," alikuwa anasema. "Sahani tu. Na sikuandikiwa popote. Leo vyombo vyenyewe vimefungua mdomo, mnanyamaza?"

"Ni zangu," mama akasema. "Nilizinunua mwaka aliofariki mume wangu. Mnanijua."

"Tunakujua. Lakini hilo neno limetoka wapi?" mwenyekiti wao akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeomba apewe jibu lolote.

Nikamwona mama anaanza kufungua pindo la kanga. Vidole vilikuwa vya baridi, fundo halikukubali, akainamisha kichwa kulisaidia kwa meno. Hapo ndipo miguu yangu ilipotoka migombani yenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeandika mimi. Jana. Shikamooni."

Wakaitikia marahaba wote kwa pamoja, maana mazoea ni mazoea. Halafu yule mama aliyeshika kiuno akaniangalia juu mpaka chini. "Umetumwa."

"Sijatumwa na mtu. Nina kimashine."

"Kimashine!"

"Huyu kwa kuwa mama yake anataabika, angesema hata ameandika kwa ulimi," akasema mwingine, na wachache wakacheka, wakakumbuka wako msibani, wakajifunika mdomo.

Nikatoa kimashine mkobani. Hakikumsadikisha mtu. Kilionekana kama walivyodhani watu wa sokoni, cha kunyolea ndevu au cha kutoboa meno ya ng'ombe. Lakini mbele ya nyumba kulikuwa na jenereta la kukodi, wamelileta kwa ajili ya kipaza sauti cha mazishi, na mwenye nalo alikuwa analijaribu. Nikamwendea, nikamwomba dakika mbili. Akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia, "Kaka, mama yangu anaitwa mwizi." Akachomoa kipaza sauti bila kuuliza tena.

Wakanifuata wote. Nikaomba sahani, hakuna aliyetoa. Mama akaokota mfuniko wa sufuria yake, akanipa. Herufi ya kwanza ikatoka na mkia. Kimashine kilipolia, wanaume wakaja mbio kutoka upande wa moto wakidhani amekuja daktari wa meno. Nikachonga IME, halafu nikasimama, nikampa mwenyekiti. Akachukua mfuniko, akauweka kando ya sufuria kubwa. Akapitisha kidole kwenye M hii, akapitisha kwenye M ile.

"Ni mkono mmoja," akasema. Akanigeukia. "Na kwa nini uandike hivyo, wewe mtoto?"

"Ili mwizi aone aibu."

"Na mama yako?"

"Huyo nilimsahau."

Kisha mama, ambaye muda wote nilikuwa naogopa kumtazama, akasema, "Jamani, huyu sikumwazima kwa mtu. Nimemzaa mwenyewe. Mwenye hasira naye anipe mimi."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni yule mama aliyeshika kiuno; alijaribu kuzuia, puani kukatoka sauti kama ya jenereta, basi ikawa imekwisha. Mwenyekiti akamshika mama mkono, akaukunja ule mkono juu ya pindo la kanga, ufunguo ukiwa bado ndani. Mama akapangusa uso kwa kiganja, akasema ni mvua tu hii.

"Sasa na mimi niwekee," mmoja akasema, akanipa beseni. "Ila usiniandikie matusi yako. Chora jembe."

Nikamchorea jembe. Mwingine akataka nyota, mwingine mkungu wa ndizi, na kwake mkungu ukatoka kama kiatu, akasema sawa tu, hakuna mwingine mwenye kiatu. Yule aliyekuwa na ufunguo zamani alikuja wa mwisho mwisho, hakunitazama. Akanipa sahani moja. Nikamuuliza anataka nini. "Chochote kisichosema," akasema. Nikamchorea samaki.

Ndipo akatoka bibi wa ile nyumba, mke wa marehemu, ameshikwa mabegani na binti zake. Wote wakapisha. Nikazima kimashine haraka nikidhani kelele imemuudhi. Alikuwa na kikombe cha bati cha buluu, ukingo umeshika kutu.

"Ni cha babu yenu," akasema, Kiswahili chake kikipanda na kushuka kwa Kinyakyusa. "Watu ni wengi leo. Mtu atanywea chai, ataondoka nacho, siyo kwa ubaya. Mwekee alama yake."

"Alama gani, bibi?"

Akachukua kidole changu, akakipitisha kwenye kiganja chake mara tatu. Mistari mitatu mifupi. Binti yake akanieleza kwamba mzee alikata mistari mitatu kwenye mpini wa kila jembe lake, kwenye stuli, hata kwenye fimbo.

Rangi ya bati inapasuka ukiiharakisha. Nikabana ncha nyembamba kuliko zote, nikashikilia pumzi. Mistari mitatu. Nilipomrudishia, bibi aliigusa kwa kidole gumba, mmoja, wa pili, wa tatu, akakiweka kikombe kifuani chini ya kanga.

"Ndaga," akasema. "Ndaga fijo."

Kwetu ndiyo asante sana.

Tulizika, tukala ndizi na nyama, vyombo vikarudi kwa wenyewe bila kugombania. Jioni mama akanipangia sufuria, ndogo ndani ya kubwa, akazipindua, akanitwika mimi. Nikamwambia nitayasaga yale maneno nikifika nyumbani. Akasema chini patakuwa pembamba, niyaache hivyo hivyo. Tukaondoka, mimi mbele na tangazo langu kichwani, yeye nyuma. Pale dukani wale vijana bado walikuwepo. Walisoma. Walisimama kabisa ili wasome vizuri. Nikawapungia mkono.

Baada ya daraja njia inapanda, udongo mwekundu, mvua ya siku nzima imeufanya kama sabuni. Mguu wangu ukateleza, sufuria zikalia juu ya kichwa, nikazishika kwa mikono miwili, nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja. Nilisubiri anigombeze, alikuwa hajanigombeza tangu asubuhi, na nilijua deni lile liko pale pale.

Mama akanifikia, akanishika kiwiko, akasema, "Nipe mkono, hapa pana utelezi. Hizo zikianguka, ziache zianguke."