Kona na Jioni ya Mikweche

Watu walimwita Fundi Meno, ingawa meno yake mwenyewe yalikuwa mabovu kama ya mtu yeyote anayependa chai yenye sukari nyingi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alikuwa na chumba nyuma ya kliniki, chenye meza, taa ya kuinama, jiko dogo la kuyeyushia nta, na taya za plasta zilizomkenulia kutoka kwenye rafu tangu asubuhi hadi jioni. Wagonjwa hawakumwona. Daktari alipima, yeye akafinyanga, na mtu akaenda zake na tabasamu jipya bila kujua limetoka mikononi mwa nani.

Plasta na nta hizo hizo alizitumia pia kufinyanga vigari. Kazi ikiisha alikaa pale pale akatengeneza mabodi ya magari ya zamani, yale yenye pua ndefu na taa zilizotokeza kama macho ya chura, kila moja la kutosha kiganjani. Chini yake alifunga mota, magurudumu, na kijiti kinachoingia kwenye mfereji wa njia ya mashindano ili gari lisipotee. Umeme hupita kwenye vipande vya shaba kando ya mfereji. Dereva husimama pembeni ameshika kishikio chenye kifyatulio kama cha bastola. Akibonyeza, gari linakwenda, na akizidisha kwenye kona linaruka nje na kuishia sakafuni.

Wapenzi wa mchezo huo wa mbio za vigari walikutana kila Alhamisi jioni katika chumba cha juu cha karakana ya makochi, katikati ya marobota ya sponji. Njia yao ilipigiliwa juu ya meza ndefu za mbao na ilikuwa na mifereji minne, kila mmoja na rangi yake. Mara moja kwa mwezi ilikuwa jioni ya mikweche. Jioni hiyo gari lilitakiwa liwe la zamani na liwe limechoka: mlango wa rangi nyingine, bampa lililoshikwa kwa waya, kutu ya kuchora kwa brashi. Aliyeleta gari linalong'aa aliambiwa akalipake matope kwanza.

Bingwa wa mikweche alikuwa Kona, dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu. Jina alijipa mwenyewe, kwa sababu alipenda kujigamba kwamba hakuna kona iliyowahi kumshinda. Alikuwa pande la mtu, na sauti yake ilipanda ngazi kabla yake. Alijuana na Fundi Meno siku alipotengenezewa meno ya juu. Aliyajaribu mbele ya kioo, akamwambia daktari, "Nataka kumwona aliyenipa kinywa hiki." Hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kuuliza hivyo. Daktari akamwonyesha mlango wa nyuma, na tangu siku hiyo wawili wale walikuwa chanda na pete.

Sasa basi, Alhamisi moja mchana, mke wa Kona aliingia chumbani kwa Fundi. Hakuwahi kufika pale. Alikalia ukingo wa kiti, mkoba mapajani, akazitazama zile taya rafuni kana kwamba zinamsikiliza.

"Karibu, shemeji. Kwema huko?"

"Si kwema sana. Juzi babu alimfuata mjukuu shuleni. Walipofika kwenye mzunguko akasimamisha gari katikati ya barabara. Magari yanapiga honi, yeye ametulia tuli. Mtoto akashuka, akaenda kwa muuza duka kuomba simu. Akaniambia, bibi, babu ananiuliza nyumbani ni wapi."

Fundi aliweka chini kisu chake cha nta.

"Daktari ameshatuambia ni ugonjwa wa kusahau," mama yule aliendelea, "lakini yeye hataki hata kusikia. Nilificha funguo, akavunja kabati. Binti yake akasema naye, akajibiwa kwamba mtoto hamfundishi baba yake barabara. Wewe ndiye anayekusikia. Niongelee naye leo, shemeji. Asirudi na lile gari."

"Nitaongea naye," Fundi alisema, na papo hapo akatamani angesema neno lingine.

Maana jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Kwa miezi alikuwa akimwona rafiki yake akipotea kidogo kidogo, na kila mara alijitia hamnazo. Kona alipoanza kuuliza mfereji wake ni upi, Fundi alibandika utepe wa rangi kwenye vishikio vyote, akawaambia wenzake eti ni kwa ajili ya wageni. Kona aliporudia hadithi ile ile, Fundi alicheka upya. Alijiambia ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Lakini mtoto kushuka garini katikati ya barabara, hilo halikuwa la kuzibwa kwa utepe.

Jioni hiyo Kona alifika kwa gari lake kama kawaida, akaliegesha gurudumu moja juu ya njia ya waenda kwa miguu. Mkononi alikuwa na mkweche wake wa bluu, wenye mlango mmoja wa kijani na paa lililobonyea. Fundi ndiye aliyemfinyangia.

"Leo nawafundisha kazi," alisema. "Hata wewe Fundi, fungua mdomo uone watu wanavyoendesha. Au usifungue, utatutisha."

Watu wakacheka. Fundi pia alicheka.

Msimamizi wa klabu alikuwa muuguzi wa zamani, mwanamke asiyependa kelele, aliyeanzisha kila mbio kwa kugonga meza kwa kijiko. Katika mbio za kwanza, kwenye mfereji wa bluu, Kona aliendesha vizuri ajabu. Kidole chake kililegea kabla ya kila kona na kukaza pale pale gari liliponyooka. Fundi alimtazama, moyo ukamdanganya: mtu huyu ana ugonjwa gani? Akaanza kupanga maneno ya kumwambia shemeji kwamba wangoje kidogo.

Baada ya hapo wakabadilishana mifereji, kama sheria inavyotaka. Mkweche wa Kona ukawekwa kwenye mfereji mwekundu, na kishikio chenye utepe mwekundu akapewa mkononi. Kijiko kikagonga. Gari lake likaruka nje kwenye kona ya kwanza. Aliyesimama pale akalirudisha, likaruka tena. Kona hakuliangalia. Macho yake yalikuwa kwenye gari jeusi la fundi wa makochi, mwenye ile karakana, ambalo sasa lilikuwa linakimbia kwenye mfereji wa bluu, na kila lilipopita mbele yake alitabasamu.

"Mnaona?" alisema. "Mnaona linavyokaa njiani?"

Wengine walidhani ni mzaha wake, wakacheka tena. Muuguzi hakucheka. Alimtazama Fundi, na Fundi akaona kwamba naye anajua, na huenda amejua siku nyingi.

Mbio zilipokwisha, Kona alinyoosha mkono akalichukua lile gari jeusi. Fundi wa makochi akamwambia kwa upole, "Hilo langu, mzee. Lako lile pale." Kona akaligeuza kiganjani, akaligeuza tena. Uso wake ukabadilika. Akamgeukia Fundi Meno.

"Umenibadilishia gari."

"Hapana, kaka. Sijabadilisha kitu."

"Wewe ndiye unayeyatengeneza. Umenichezea mbele ya watu." Akalitupa lile gari mezani, paa likapasuka. Kona akachukua koti lake, akaanza kushuka ngazi, na Fundi akamfuata mbio mbio.

Alimkuta ameshasimama kando ya gari, funguo mkononi. Hasira ilikuwa imempungua, au aliisahau.

"Panda, nikufikishe," Kona alisema.

Fundi aliufunga mlango uliokwisha kufunguliwa. "Nipe funguo, kaka."

"Za nini? Wewe hata baiskeli inakushinda."

"Twende kwa miguu leo."

Kona alimkazia macho. "Nani kakutuma?"

Angeweza kudanganya. "Shemeji," alisema. "Ameniambia habari za mtoto."

"Kumbe mmekula njama."

"Haya, niambie tu njia. Ukitoka hapa kwenda nyumbani, unapita wapi? Ukinionyesha, napanda."

Kona aliinua mkono kwa kujiamini, kama mtu aliyeulizwa jina lake. Unashuka hivi mpaka kituo cha mafuta, alisema, unaingia kushoto, halafu kuna daraja. Mtaa ule haukuwa na daraja. Akaanza upya kutoka kituo cha mafuta. Mara ya pili alinyamaza katikati, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha juu ya paa la gari na kuuacha hapo.

"Nimekwenda barabara zote za nchi hii," alisema polepole.

"Najua."

Hakumpa funguo. Fundi alilazimika kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, na mkono wa Kona, mpana kuliko wake mara mbili, haukupambana. Hilo lilimuumiza kuliko kama angepigwa kofi. Alipozitia funguo mfukoni, Kona alisema, bila kupaza sauti, "Kwangu usije tena."

Walikwenda kwa miguu. Kona alitangulia, Fundi nyuma yake. Kila walipofika njia panda, yule mkubwa alisimama bila kugeuza kichwa, akangoja. Fundi akasema, "Kulia," au, "Moja kwa moja," naye akaendelea. Hawakuzungumza kingine mpaka mlangoni.

Kesho yake binti alilichukua gari akalipeleka kwake. Kona aliacha kwenda klabu. Fundi aliendelea kupita pale nyumbani baada ya kazi, na kila mara Kona alimwona dirishani akampa mgongo. Shemeji alikuwa anamwomba radhi mlangoni. Fundi alimwambia asijali. Hakumweleza kwamba mgongo ule ulikuwa unampa nafuu fulani: maadamu Kona anamkasirikia, basi bado anamjua.

Halafu jioni moja mlango ulifunguliwa na Kona mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia Fundi mpaka mbavu zikamuuma.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi? Umenitupa, bwana."

Fundi alimtazama shemeji aliyekuwa nyuma yake. Mama yule akamwashiria aingie. Baadaye, jikoni, Fundi alimuuliza kwa kunong'ona, "Nimwombe msamaha?"

"Wa kitu gani? Hakikumbuki." Alikuwa anapanga vikombe. "Pokea hivyo hivyo, shemeji. Sisi wote tunapokea hivyo hivyo."

Wakanywa chai. Kona alisimulia habari za mabasi, akachekesha kama zamani, kisha akainama karibu na rafiki yake na kushusha sauti.

"Kuna mtu aliniibia gari. Barabarani, mchana kweupe. Tena alikuwa mtu wangu wa karibu."

"Nani?"

"Jina limenitoka." Alifikiri, akatikisa kichwa. "Ukikutana naye mwambie alirudishe. Simfanyi kitu. Alirudishe tu."

Fundi aliweka kikombe chini.

"Nitamwambia," alisema.

Kona aliridhika, akaegemea kiti, akaanza tena habari za mabasi kutoka mwanzo. Fundi alikaa naye hadi taa zilipowashwa, akiuliza maswali mahali panapostahili, kama mtu asiyejua hadithi inakoishia.