Shikamoo ya Mbioni

Juzi hapa Tabora nilishuhudia mlinzi mzee wa ghala akishindanishwa mbio na kijana, mshindi apewe kazi ile ile ambayo mzee ameifanya miaka mingi. Kijana alipunguza mwendo makusudi hadi mzee akamfikia, kisha akainamisha kichwa: “Shikamoo, babu!”

“Marahaba, mjukuu wangu,” mzee aliitika, pumzi ikamwishia. Kijana akachomoka, akamngoja tena, akamwamkia tena.

“Babu, acha kuitikia, kimbia!” msimamizi wa mbio hizo alicheka.

“Nisimwitikie mtoto salamu?” mzee aliuliza, akasimama kabisa. Kazi ikaenda kwa kijana.

Hasira haijanitoka. Tulifundishwa kwamba shikamoo ni kusema, nashika miguu yako. Kijana yule aliishika kwelikweli, na watu wazima wakampigia makofi.