Walivyomtoa Mdakaji

Mume wangu alinipa habari ile nikiwa nasonga ugali. Alisimama mlangoni mwa jiko, viatu bado miguuni, anatabasamu kama mtu ambaye mzigo wake umepita forodhani bila kufunguliwa. Akasema wamelipata lile jitu la timu ya Liuhua.

Nikamuuliza wametoa nani.

Akainama kuvua viatu. Ni viatu vya kuchomeka tu, havina kamba, lakini alivivua muda mrefu.

"Tumewapa mdakaji," akasema, macho kwenye soksi.

Ugali ule uliungua na sijutii.

Niseme mapema, maana wengi watadhani nazungumzia mpira wa miguu: ni besiboli. Timu yetu ya Xiaobei, mtaa wetu hapa Guangzhou, ilianzishwa na Mjapani mmoja muuza vigae, ofisi yake ghorofa moja na ya mume wangu pale jengo la Tianxiu, aliyechoka kurusha mpira ukutani peke yake. Akawakusanya Watanzania, Wakenya, Wakongomani, yeyote mwenye mikono miwili. Sasa timu ziko nne na tunacheza Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa kukodi. Hakuna anayelipwa. Ila manahodha wanajiona wakubwa, wanabadilishana watu kama wanabadilishana kandambili, na mume wangu ndiye nahodha wetu.

Mimi besiboli sikuijulia China. Niliijulia sekondari, Dar, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka huko huko Japani. Wavulana wakapewa besiboli, sisi wasichana tukapewa softiboli, ambayo mpira wake ni mkubwa zaidi na hurushwa kwa chini, lakini kazi ni ile ile. Mwalimu alinitazama mapaja, akanichuchumaza nyuma ya mpigaji, akanivika kofia yenye vyuma usoni. Nilikaa hapo mpaka kidato cha nne. Hesabu nilipata F. Kudaka hakuna aliyenipita. Mume wangu amejifunza kushika gongo la kupigia mpira chumbani kwetu hapa Guangzhou, kwa ufagio, mwalimu wake mimi na mimba ya miezi saba.

Kwa hiyo ninaposema kumtoa mdakaji kwa ajili ya jitu la kupiga ni ujinga, sisemi kama mke anayenuna. Nasema kama mtu anayejua.

Tazama kazi yenyewe. Mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kupiga, na mdakaji amechuchumaa nyuma yake, anaudaka mpira usipopigwa. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kazi ya kuokota. Mdakaji ndiye anayemwambia mrushaji kwa vidole arushe nini. Ndiye anayeona nani anataka kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Uwanja mzima wengine wamempa mgongo mwenzao huyu au yule. Yeye peke yake anawaona wote. Wetu alikuwa Mkongomani anayepakia kago ghorofa ya chini Tianxiu, mtu mpole, akiniita mama japo amenizidi umri. Mjapani wetu akirusha, yeye anadaka, hawana lugha moja hata maneno kumi, na wanaelewana kuliko mimi na mume wangu.

Na jitu? Jitu ni mtu wa Mwanza, anakuja kuchukua majinzi soko la nguo la Liuhua. Mabega kama kabati. Likiupata mpira, unavuka uzio na watu wanapiga picha. Halafu mara nyingine zote zinazobaki linapiga hewa mara tatu, ambazo ndizo unazoruhusiwa, na kurudi kukaa. Ukiliweka ulinzini linasimama tu, jua likilizunguka.

Nikayaandika hayo yote kwenye kundi la timu kwenye simu. Niliandika kwa urefu, kwa heshima, hata nikaweka nukta. Nikajibiwa vikatuni vinavyocheka. Mmoja, Mzanzibari wa ofisi ya kago, akaandika: "Shemeji, we tuandikie matokeo tu."

Ni kweli nilikuwa naandika matokeo. Misimu mitatu, mtoto mgongoni kisha mtoto mapajani, kila mpira uliorushwa nimeuandika. Hakuna mwanamume pale anayejua kusoma daftari lile. Lakini wote wanajua kucheka.

Msimu ukaenda nilivyosema. Mume wangu alijaribu kila mtu nyuma ya mpigaji, mpaka Mzanzibari, ambaye alikuwa anafumba macho. Mipira inapita katikati ya miguu inagonga uzio, wapinzani wanatembea kutoka kituo mpaka kituo kama wako sokoni. Mjapani wa watu akaacha kurusha kwa nguvu, maana kila akirusha vizuri ni hasara. Jitu lilipiga mipira yake ya kuvuka uzio, tukashangilia, tukafungwa. Tukamaliza wa mwisho.

Jumapili moja nikiwa nanung'unika na daftari langu, nasema mwenyewe, sasa mwambie arushe nje, sasa mwambie arushe chini, niligeuka nikamkuta nahodha wa Liuhua amesimama nyuma yangu. Ni mama wa Kichina mwenye duka la zipu, amejifunza Kiswahili kwa wateja. Nikamwamkia. Akanijibu, akaendelea kusimama pale mpaka mchezo ukaisha.

Sasa, kuwa wa mwisho kuna faida moja. Kila mwanzo wa msimu wageni wanaotaka kucheza huandika majina kwenye karatasi, na manahodha huchagua kwa zamu. Timu iliyoshika mkia huchagua kwanza. Mtoto wangu alikuwa ameshatimiza miaka miwili, nimeshamwachisha ziwa, magoti yangu yako sawa. Nikaandika jina langu kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye nafasi ya kazi nikaandika: mdakaji.

Nikamwambia mume wangu kabla, asije akasema hakujua. Akasema vizuri sana, akanikonyeza. "Niachie mimi." Nikamwachia. Hilo ndilo kosa langu mimi.

Tulikutana juu, kwenye mgahawa wa tambi wa Waislamu pale Xiaobei. Mume wangu akasimama kuchagua wa kwanza. Nilikuwa nimeshamshusha mtoto mapajani ili nisimame vizuri. Akataja mwanafunzi wa udaktari, Mtanzania, mwenye mbio. Nikamrudisha mtoto mapajani. Wenzake watatu wakachagua. Ikarudi zamu yake. Akataja kijana anayetumia mkono wa kushoto, ambaye hata kofia alikuwa ameivaa nyuma mbele.

Nikamvuta shati. Nikamuuliza anafanya nini.

Akainama sikioni kwangu, anacheka kwa ndani. "Tulia, mama watoto. Wewe hujui biashara? Ukionyesha unakitaka, wanajua kina thamani. Raundi ya mwisho nakuchukua kama nyongeza."

Inabidi nieleze, maana nje ya watu wetu hakuna ambaye angefanya kosa hili. Mume wangu ana miaka kumi Yide Lu, mtaa wa jumla wa vitu vya watoto na vifaa vya shule. Kule ukitaka wanasesere wanaoimba, huwagusi. Unashika mpira wa plastiki, unauliza bei, unakunja uso, unauweka chini. Unashika kingine. Laoban, yaani mwenye duka, anakufuata na kikokotozi. Ukishamchosha ndipo unawagusa wanasesere kwa kidole kimoja, kama unafuta vumbi. Akikataa bei yako, unaondoka, tena polepole. Hujafika duka la tatu unaitwa. Yeye ni fundi wa kazi hiyo, sitamnyima. Watu wakitoka Kariakoo mara ya kwanza huletwa kwake wafundishwe.

Lakini pale mgahawani muuzaji alikuwa nani? Laoban yuko wapi? Kulikuwa na wanunuzi wanne na karatasi moja, na mimi nimekaa nayasikia yote kwa masikio yangu.

Zamu ya mama wa zipu. Hakuangalia hata karatasi. Akanitazama mimi, akataja jina langu, akalitaja vizuri.

Mume wangu akacheka kwa sauti. Akasema hapana, hapana, huyo wetu, huyo mke wangu, hajui kukimbia, analea. Anaponda mali ili ishuke bei. Mama wa zipu akamwambia mwandishi aandike. Mume wangu akasema basi, kama ni hivyo sisi tunajitoa, akabeba koti lake na kuondoka. Nataka hili lieleweke: aliondoka polepole. Akafika kwenye ngazi. Akasimama hapo, mkono kwenye chuma cha ngazi, anasubiri kuitwa.

Hakuna aliyemwita. Nahodha wa nne akataja jina la mtu wake, na tambi zikaletwa.

Nyumbani sikupika. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, atanirudisha, kila kitu kinazungumzika. Nikamwuliza kama mimi ni kitu. Akasema nisichukulie hivyo. Nichukulieje? Amenipita nani kwenye ile karatasi? Yule wa mkono wa kushoto, siku ya mazoezi, alivaa glovu mkono usio wake.

Jumatano akaenda Liuhua, kwenye duka la zipu, kupendekeza mabadilishano. Mama wa zipu akakataa kuzungumza mpaka niwepo, akanipigia mwenyewe. Nikaenda na mtoto. Nikamkuta na yule Mkongomani wetu, alikuwa ameleta gari la mizigo. Alinisalimia, akaniambia magoti yake yamechoka, sasa anacheza kwenye kituo cha kwanza, na yeye ndiye aliyemwambia mama wa zipu akanisikilize ninavyonung'unika. Watu wetu walinisikia misimu mitatu wakaniona kelele. Wao walikuja mara moja wakasikia mdakaji.

Mume wangu akaeleza ofa yake. Anatoa jitu, tena na zamu yake ya kwanza ya kuchagua mwakani. Mama wa zipu akanigeukia.

"Dada, wewe unasemaje?"

Katika misimu yote hiyo, hilo lilikuwa swali la kwanza la kibesiboli kuulizwa na nahodha yeyote. Nikalijibu kama linavyostahili. Nikamwambia ningekuwa mshabiki wa Xiaobei, na ndiyo nimekuwa siku zote, ningeomba akubali haraka kabla hajashtuka, maana wanatoa mtu wa kupiga hewa na ahadi ya mwakani, wanapata kitu ambacho kukikosa kuliwafanya wawe wa mwisho. Nikasema kwake yeye ni mabadilishano mabaya. Nikasema hata hivyo kabla hajaamua nina swali moja kwa nahodha wa Xiaobei.

"Nikirudi, nacheza wapi?"

Akamtazama Mkongomani, akatazama zipu zilizoning'inia ukutani rangi zote.

"Utaanza benchi kwanza," akasema. "Halafu tutaona. Lazima unielewe, watu watasema nimempanga mke wangu."

Pale ndipo nilipoelewa, na hasira iliyonishika pale haijanitoka mpaka leo ninapoandika. Hakukuwa na biashara yoyote. Fundi wa Yide Lu hakuwa anashusha bei. Aliona aibu kusimama mbele ya wanaume kumi na wawili na kutaja jina la mkewe kabla ya mengine yote, basi akaiita aibu yake ujanja. Na sasa alitaka kunirudisha ili tu nisionekane kwingine. Heri angeniambia sifai. Ningemletea mipira, anirushie, tuone.

"Uliona aibu," nikamwambia.

Mkongomani akakumbuka kwamba gari lake limezuia njia.

Nikamwambia mama wa zipu mimi sibadilishwi, kama bado ananitaka. Akasema mazoezi ni leo saa kumi. Akatoa chini ya meza kinga ya kifua na kofia yenye vyuma, mpya, bado ndani ya nailoni. Mume wangu akauliza mtoto je. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyepata hoja.

Nikampa mtoto. Sikumtupa, nilimpa vizuri, na mfuko wake wa nepi na chupa ya maji. Nikamweleza analala saa kumi na nusu, akikataa ambebe mgongoni. Jumapili pia. Akasema Jumapili yeye ni nahodha. Nikamwambia mimi nimeandika matokeo misimu mitatu na huyo huyo mgongoni, mikono yangu yote ikiwa na kazi, na sikukosea mpira hata mmoja.

Jumapili ya kwanza ratiba ikatukutanisha. Alikuja na mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa kama mzigo wa kago, yule Mzanzibari anamtania kwamba apewe na ndoo. Daftari la matokeo lilikuwa kwenye nyasi, limefunguliwa, tupu. Zamu yake ya kupiga ilipofika akamkabidhi mtoto kwa jitu, na nitasema ukweli, jitu lilimbeba vizuri, ndiyo kazi ya kwanza niliyoliona likiifanya bila kukosea.

Akasimama mbele yangu na gongo. Hakugeuka. Akasema kwa chini, kwa Kiswahili, mwamuzi asielewe, kwamba ofa bado ipo, na kwamba safari hii sitakaa benchi.

Nilikuwa nimechuchumaa, jasho linaingia machoni, uwanja wote mbele yangu. Nikamwonyesha mrushaji wangu vidole: nje, chini. Mume wangu akapiga hewa. Mpira ukatua kwenye glovu yangu kwa mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu sekondari.

"Hiyo ni moja," nikamwambia, nikaurudisha mpira.