Mkwe Aliyesimama Uzioni

“Aliyemfikisha mzee huyu hapa akiwa hai ni nani?”

Niliulizwa swali hilo asubuhi moja ya ukungu, katika kituo kidogo cha afya milimani kusini mwa Mbeya. Nilikuwa daktari mpya, nimetoka chuo kikuu na shahada yangu na ubishi wangu. Nakuita mwanangu, wewe unayeanza kazi mwaka huu, na najua utacheka, maana sijakuzidi miaka mingi. Nivumilie. Kazi hii huzeesha mapema, na kosa nililofanya siku ile lilinizeesha zaidi.

Mimi ni mtu wa Kilolo. Nilipopelekwa kwa Wanyakyusa nilijiambia nimebadili mkoa tu, kwani baridi ni ileile na viazi ni vilevile. Nilikuwa nahoji kila kitu. Mama akisema jambo fulani ni mila, namuuliza aliianzisha nani na kwa faida ya nani. Hata leo sioni ubaya wake. Ila kuna kuhoji kunakotafuta jibu na kuna kuhoji kunakotafuta ushindi, na wakati ule sikujua tofauti.

Nakumbuka wanaume wanne walimleta mzee kwenye machela ya miti. Jasho lilikuwa likimtiririka katika baridi ile, mikono inatetemeka, maneno yake hayashikani. Walimlaza, wakataja jina lake, wakasema anayemuuguza nyumbani ni mke wa mwanawe, yule pale nje. Kisha wakaondoka mbio kuwahi mazishi kijijini. Vipimo vyetu vya sukari vilikuwa vimeisha tangu wiki iliyotangulia. Bila kujua mzee amekula nini na amemeza nini, dawa yangu ingeweza kumwokoa au kummaliza. Mtu pekee aliyejua alikuwa mwanamke yule.

Naye alisimama mbali, karibu na uzio, ametupa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Nilimwita aingie, hakuja. Nikamuuliza kwa sauti kutoka mlangoni mgonjwa alianza kuumwa lini, kimya. Nikadhani ni Kiswahili kinachomshinda, nikarudia polepole kama mtu anayemsemesha mtoto. Akaivuta kanga mbele zaidi. Nikasema, mbele ya foleni nzima, kwamba ni mzembe, anamwacha baba mkwe afe huku yeye anaona aibu. Halafu, mwanangu, nikaenda nikamshika mkono, nikamvuta hadi kitandani.

Hakupiga kelele. Alijifunika uso wote kwa kanga. Na mzee, ambaye hakujua hata yuko wapi, alimjua yeye. Aligeukia ukutani, akachomoa dripu ya maji ya chumvi niliyomwekea alipofika, akajaribu kushuka upande wa pili ili atoke. Akaanguka chini. Mwanamke akakimbia mpaka ng'ambo ya uzio.

Aliyenisaidia kumwinua mzee alikuwa Mama Sekela, mhudumu wa wodi, mtu mzima aliyekuwa akipiga deki sakafu ile kabla sijaanza darasa la kwanza.

“Dokta, umemwingiza wewe?”

“Nimemshika mkono tu, mama.”

“Ungemvua nguo sokoni ingekuwa nafuu.”

Huku akifuta damu ya dripu alinieleza kwamba kwao mwanamke aliyeolewa hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hatamki jina lake, wala hapazi sauti mahali atakapomsikia. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani mpaka apite. Vijana wa mjini wameacha, wengine wanaifuata nusunusu, huyu hakuacha. Nikaanza kubisha kwamba ugonjwa haujui mkwe. Ndipo aliponiuliza lile swali la nani aliyemfikisha mzee akiwa hai. Nilimtazama mzee, nikaona shati lake lilivyofuliwa na kucha zake zilivyo safi.

“Nenda nyuma ya jiko, nimetuma mtu ampeleke pale,” akasema. “Usimsimamie kama polisi. Kaa chini, mmenye ndizi.”

Nilikwenda kwa sababu nilikuwa naogopa mzee atanifia mikononi, si kwa sababu nimeelewa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema kwamba mahali pa kuulizia napo pana elimu yake. Mwanamke yule, Tumpe, alikuwa amekaa kwenye gogo na beseni la ndizi mbichi. Nilimwomba radhi. Nikachukua kisu nikaanza kumenya. Alinitazama, akasema bila kucheka, “Dokta, wewe unaipasua ndizi, huimenyi.” Akaninyang'anya, akanionyesha. Na mikono yake ilipopata kazi, mdomo wake ukafunguka.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alisema “wa nyumba ya juu”, nami nikajua ni mzee. Wa nyumba ya juu hakula tangu Jumapili. Kila siku humwachia uji mlangoni, hukohoa, huondoka, kisha huchungulia kutoka migombani kama bakuli linarudi tupu. Siku tatu lilirudi limejaa. Lakini kila asubuhi alimsikia akimimina maji ya kumezea vidonge, kwa maana aliambiwa hospitalini asikose hata siku moja. Akafungua fundo la kanga, akanipa pakiti aliyoiokota mlangoni mzee alipobebwa. Vilikuwa vidonge vya ugonjwa wa sukari.

Mzee hakuwa na malaria niliyokuwa najiandaa kuitibu. Kwa kumeza vidonge bila kula, sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Nilikimbia. Tulimwekea maji ya sukari kwenye mshipa, na kabla ya saa sita mchana alikuwa anatujua, anauliza nani kafungua dirisha.

Siku zilizofuata tulikisogeza kitanda karibu na dirisha hilo. Tumpe alikaa nje chini ya ukuta, uji wake ukaingizwa na Mama Sekela. Mara moja mzee alionja, akaiambia dari kwamba leo chumvi imezidi. Nje nikasikia mtu akicheka ndani ya kanga. Nimewauguza wengi tangu hapo, na bado nautamani mchana ule.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu. Sikuambii uipende kila mila utakayoikuta. Ile ya uzioni siipendi hadi leo, maana mzigo wake unabebwa na mwanamke. Lakini huwezi kumtibu mtu huku unamshtaki. Ukikuta anayeuguza amesimama mbali, usipime mapenzi yake kwa hatua zilizopo kati yake na kitanda. Usione vyaelea, vimeundwa. Ukipokea mgonjwa msafi, kuna mikono uliyoikuta imekwisha kufanya kazi. Itafute. Muulize mwenyeji pa kukaa kabla ya kuuliza la kusema. Na ukikosea mbele za watu, omba radhi mbele za watu hao hao. Mimi niliomba nyuma ya jiko tu, na hilo linaniuma bado.

Mungu akupe magoti mepesi ya kukaa chini na watu. Akupe wazee wa kukukemea mapema, wakati mgonjwa bado anapumua. Uendako ukute mlango, na ukikuta dirisha, ulitumie.

Mwaka jana, nikiwa nimekwisha kuhamia Iringa, Mama Sekela alinipigia simu kunipa taarifa kwamba mzee amefariki nyumbani kwake, kwa uzee. Nikamwomba anifikishie pole kwa Tumpe na mumewe. Akashangaa kwamba sikujua. Mume wa Tumpe alikuwa amekufa miaka saba kabla ya siku ile ya machela, na mzee mwenyewe alikwisha kutuma watu wamwambie yuko huru kurudi kwao.